Besi inavuma kwenye chumba cha kumi kwa kumi: tatizo ni spika au ni chumba?

#1 Mpangaji_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, maana huu mwezi wa pili sina raha na muziki wangu.

Nimepanga chumba kimoja Tabata, kile cha futi kumi kwa kumi. Ukuta ni tofali za saruji zilizopigwa lipu, chini vigae, juu jipsamu. Nilijikusanya taratibu nikanunua spika mbili ndogo za koni ya inchi tano, ampi, na sabufa ya inchi nane yenye ampi yake ndani. Pale dukani besi ilikuwa kavu, kila mpigo unaanza na kuisha palepale. Nimezifikisha nyumbani, ni kitu kingine kabisa.

Nikupeni mfano mmoja. Kuna rhumba fulani ya zamani naipenda sana, kuna mahali mpiga besi anabaki peke yake na kushuka noti sita. Ya kwanza na ya pili nazisikia. Ya tatu inajaa chumba kizima mpaka kioo cha kabati kinatetemeka, na inaendelea kuvuma hata akiwa ameshaiacha. Ya nne inamezwa na mvumo wa ile ya tatu. Nikiweka singeli ndiyo basi tena, ngoma zote zinaungana zinakuwa muungurumo mmoja.

Sabufa iko kwenye kona nyuma ya mlango, ndipo penye nafasi. Spika ziko juu ya meza ya TV. Mimi nasikiliza nikiwa kitandani, mgongo nimeegemeza ukutani.

Fundi mmoja amekuja, akasema sabufa ni feki, nimpe hela abadilishe koni. Mwingine kanishauri nibandike trei za mayai ukuta mzima. Kabla sijatoa hela naomba mwenye ujuzi aniambie.

#2 DJ_Mstaafu

Mkuu, si upunguze besi tu kwenye ampi? Vyumba vyetu vidogo, sabufa ya inchi nane ni nyingi.

#3 Mpangaji_Tabata

Nimepunguza kaka. Nikipunguza mpaka ile noti moja itulie, zile nyingine zote zinapotea, muziki unabaki mwembamba kama wa simu. Nikipandisha nizisikie nyingine, ile moja inarudi kunguruma.

#4 Fundi_Mawimbi

Hilo jibu lako la #3 ndilo limenifanya niandike. Kama ingekuwa besi ni nyingi, ingekuwa nyingi kwa noti zote. Ikizidi kwenye noti moja na kupungua kwenye jirani yake, hicho ni chumba. Usimpe fundi hata shilingi.

Chukua futikamba, upime urefu, upana na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye jipsamu. Pima ndani, ukuta kwa ukuta. Pima na kitanda.

#5 Mpangaji_Tabata

Urefu mita 3.00, upana mita 3.00, kimo mita 2.60. Kitanda ni cha futi tatu na nusu kwa sita, kimelala sambamba na ukuta wa nyuma, kinatazamana na TV.

#6 Fundi_Mawimbi

Nilihisi hivyo. Umepata mraba, na kwa besi hakuna umbo gumu kuliko mraba. Nitaeleza kidogo, maana ukishaelewa hili utajipangia mwenyewe hata ukihamia chumba kingine.

Chukua karai lenye maji ulitikise taratibu. Maji yanapanda na kushuka kwenye kingo, lakini katikati yametulia, hayapandi wala hayashuki. Besi kwenye chumba kidogo inafanya hivyohivyo. Kila chumba kina kasi yake ya kutikisika, na ukiipatia hiyo kasi, nguvu kidogo tu inazaa wimbi kubwa ambalo haliishi haraka. Inarundikana ukutani, na kwenye kona ndiyo inazidi kabisa kwa sababu hapo kuta mbili na sakafu zinakutana.

Hesabu yake ni nyepesi: mwendo wa sauti, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwa joto la Dar la nyuzi 30 sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. 349 gawanya kwa 6 unapata Hz 58, yaani mitikisiko 58 kwa sekunde. Sasa angalia bahati yako: kuta za mbele na nyuma zinakuza 58, na kuta za kulia na kushoto zinakuza 58 ileile. Jirani yangu mwenye chumba cha mita 3 kwa 4 yeye anapata 58 upande mmoja na 44 upande mwingine, mzigo unagawanyika. Kwako wote umeangukia mahali pamoja. Kwenye gitaa la besi, waya wa A ukiubana freti ya kwanza unatoa Hz 58.3. Naamini hiyo ndiyo noti yako ya tatu.

Sasa tazama ulivyopanga vitu. Sabufa umeiweka kona, mahali ambapo inatikisa chumba kwa nguvu kuliko popote. Kichwa umekiweka ukutani, mahali ambapo mtikisiko unasikika kwa nguvu kuliko popote. Hata sabufa ya mamilioni ingevuma.

Fanya hivi, na hakuna cha kununua. Kwanza wewe mwenyewe uondoke ukutani. Kitanda chako kina upana wa kama mita 1.07, kwa hiyo ukikaa ukingoni, miguu chini, masikio yatakuwa mita 1.10 hivi kutoka ukuta wa nyuma. Hapo ni pazuri sana. Watu wa studio wanapenda kuanzia asilimia 38 ya urefu wa chumba, kwako ni mita 1.14, na hapo ile 58 ya mbele na nyuma inashuka kama desibeli 9 ukilinganisha na ukutani. Kaa pia katikati ya kulia na kushoto, kipimo kiwe mita 1.50 kila upande.

Pili, sabufa itoke kona iende katikati ya ukuta wa mbele, chini ya meza ya TV. Katikati ya ukuta ni sawa na katikati ya karai: wimbi la kulia na kushoto halina pa kushika, sabufa haiwezi kulitikisa. Hapo umeua nusu ya tatizo bila dawa.

Usikae katikati kabisa ya chumba, mita 1.50 kutoka mbele na nyuma. Utadhani sabufa imekufa.

Rudi na majibu.

#7 Mzee_wa_Santuri

Fundi kasema kweli. Mimi nimeishi Moshi miaka mingi kwenye nyumba ya mbao, nina spika kubwa za sakafuni, za inchi kumi. Besi ilikuwa tamu. Nikahamia nyumba ya tofali, spika zilezile, ampi ileile, ikawa vurugu tupu. Nilihangaika mwaka mzima nabadilisha nyaya.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ukuta wa mbao unanesa. Besi ikigonga, ubao unacheza kidogo na nguvu inaishia humo. Tofali la saruji lenye lipu halinesi hata kidogo, linairudisha yote ndani. Jipsamu ya juu inakusaidia kiasi kwa sababu ni nyepesi na juu yake kuna hewa. Usije ukaiondoa ukaweka zege.

#8 Salma_Studio

Kuhusu trei za mayai, ndugu yangu nakuomba usifanye. Nina kibanda cha kurekodi hapa Mwanza, na mwanzoni nilibandika trei kuta zote nne mpaka mlango. Sauti ya juu ilipungua kidogo, mwimbaji akawa anasikika kama amejifunika blanketi, lakini besi haikuguswa hata chembe. Halafu lile ni karatasi kavu, cheche moja ya soketi chumba kinawaka.

Sababu ni urefu wa wimbi. Wimbi la Hz 58 lina urefu wa mita 6. Kitu laini kinanyonya vizuri pale ambapo hewa inakwenda kasi, na hapo ni robo ya wimbi kutoka ukutani, yaani mita 1.50. Trei ina unene wa sentimita ngapi? Hata zile sponji za pembetatu zinazouzwa kama za studio, sentimita tano, zinafanya kazi kwenye sauti ya mtu na matoazi. Besi inazipita kama hazipo.

#9 Mpangaji_Tabata

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nzima nimekuwa kwenye hii kazi.

Nimeanza na kukaa. Sijagusa sabufa, nimesogea tu kutoka ukutani mpaka ukingo wa kitanda. Ile noti ya tatu imeshuka palepale, mpaka nikarudi kuegemea ukuta kuhakikisha. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara kumi hivi. Ukutani inanguruma, ukingoni inapungua. Nikavuta stuli mpaka katikati kabisa ya chumba, besi ikatoweka kama Fundi alivyosema. Sabufa ilikuwa inatikisika, naiona koni inacheza, lakini masikioni hakuna kitu.

Kisha nikaihamisha sabufa chini ya meza ya TV, katikati. Imebidi niipandishe sauti kidogo kwa sababu haina kona ya kuibeba. Sasa noti ya nne naisikia! Hafifu, lakini ipo.

Nilijaribu pia katikati ya ukuta wa kulia, hapo 58 ilipungua mno, muziki ukawa na shimo. Nimerudisha mbele.

Kilichobaki: bado kuna uzito fulani kwenye sauti za wanaume, kama mtu anaongea ndani ya pipa.

#10 Fundi_Mawimbi

Safi sana. Umefanya zoezi la kurudi ukutani, watu wengi hawalifanyi na hapo ndipo mtu anajifunza.

Sauti ya pipa: krosova ya sabufa, kile kitufe kinachopanga sabufa iishie Hz ngapi, iko wapi?

#11 Mpangaji_Tabata

Kitufe kiko 120.

#12 Fundi_Mawimbi

Iteremshe hadi 80. Ikiwa 120, sabufa inaimba sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume, na spika ndogo nazo zinaimba hukohuko, wawili kwenye mstari mmoja. Ukimaliza, kuna swichi nyuma imeandikwa 0 na 180. Kaa mahali pako, mtu akubadilishie huku wimbo unaendelea. Chagua ile ambayo besi inasikika imejaa zaidi ukiwa umekaa. Ile nyingine maana yake sabufa na spika zinavutana, moja inasukuma hewa nyingine inaivuta.

Angalia na spika zako ndogo: zina tundu la hewa nyuma? Kama lipo na spika imekaribia ukuta, vuta spika mbele hata sentimita 30. Isipowezekana, viringisha soksi nene uizibe hiyo tundu. Besi ya spika itaanza kushuka mapema lakini itashuka taratibu, na kazi ya chini utaiachia sabufa. Ukiziba hivyo usizifungulie spika mpaka mwisho.

#13 DJ_Mstaafu

Naomba niulize kwa nia njema. Kwa nini mnamzungusha na soksi na vitanda? Kuna ikwalaiza, ya kupandisha na kushusha Hz unazotaka. Shusha 58, umemaliza.

#14 Fundi_Mawimbi

Swali zuri kaka, na sipingi ikwalaiza, ninaitumia. Ila ina zamu yake, na zamu yake ni ya mwisho.

Ikwalaiza inajua kupunguza kilima. Kujaza shimo haiwezi. Pale katikati ya chumba ambapo besi ilipotea, ukiiambia iongeze desibeli 10 ampi itatakiwa kutoa nguvu mara kumi, koni itapiga mpaka ichanike, na shimo litabaki shimo, kwa sababu wimbi linalokwenda na linalorudi yanafutana hapohapo. Kila unachoongeza, kinachorudi nacho kinaongezeka.

Jambo la pili ni kwamba ikwalaiza inarekebisha kiti kimoja. Mgeni akikaa pembeni yako anasikia chumba kingine.

Kwa hiyo kaa vizuri kwanza, weka sabufa vizuri, ndipo ushushe kilichobaki. Mpangaji, kama unapigia muziki kwenye kompyuta ya Windows, kuna programu ya bure inaitwa Equalizer APO. Weka kichujio kimoja tu, chembamba, Hz 58, shusha desibeli 4, kipimo cha Q, yaani wembamba wa kichujio, kiwe 5 hivi. Usitumie vile vitufe vitano vya ampi, kimoja kinashusha eneo pana unapoteza na noti nzuri. Ukitaka kuona mchoro wa jinsi besi inavyopanda na kushuka chumbani kwako kuna Room EQ Wizard ya John Mulcahy, nayo ni ya bure, ila hiyo inataka maikrofoni ya vipimo kama UMIK-1. Kwa kuanzia simu inatosha: pakua programu ya kutoa toni, ipitishe taratibu kutoka Hz 30 hadi 120, hatua mbili mbili, uandike kwenye karatasi wapi panajaa na wapi panakauka. Masikio yako yatakuambia.

#15 Boriti_Mombasa

Salamu kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Uzi huu umenifunza kwa nini kwangu sina shida hiyo.

Mimi nakaa nyumba ya mawe ya kale. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari limeshikwa na boriti za mikoko na upana hauwezi kuzidi boriti. Changu ni mita 2.70 kwa 6.50. Nimepiga hesabu ya Fundi: upana wanipa 65, urefu wanipa 27, kisha 54, kisha 81. Zimetawanyika, hakuna mbili zilizokutana. Spika nimezieka upande mwembamba, zatazama urefu wa chumba, nami nakaa theluthi ya mwisho.

Ila nyuma ya kiti, kwenye ile kona, ukisimama wasikia mvumo. Je, sabufa ya pili yaweza kusaidia?

#16 Fundi_Mawimbi

Inasaidia sana, ndugu yangu, ukiiweka inavyotakiwa. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alilifanyia kazi hili mwaka 2002, akajaribu sabufa moja, mbili, nne na zaidi kwenye chumba cha mstatili. Mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana zilikaribia sana matokeo ya nne. Kwako ni moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Zikiimba pamoja zinalizuia wimbi la kwanza la urefu lisianze, moja inasukuma pale nyingine inaposukuma. Zote ziwe ndogo tu, na ukiongeza ya pili ushushe sauti ya zote mbili.

Mpangaji wewe usinunue ya pili. Mita tatu hazihitaji.

#17 Salma_Studio

Niongeze jambo la vitu laini, maana nisije nikaeleweka kwamba havifai kabisa. Vinafaa vikiwa vinene na vikiwa kona. Mimi niliweka pamba ya mawe, sentimita 15, imesimama kukata kona kutoka sakafuni mpaka dari, nyuma yake nimeacha hewa. Fremu alinitengenezea seremala kwa mbao mbili kwa mbili, nikavika kitenge. Mvumo wa Hz 100 kwenda juu ulifupika mpaka waimbaji wakauliza nimefanya nini. Kule 58 tofauti ni ndogo, ukweli usemwe.

Kwa mpangaji asiye na hela ya fremu: kabati la nguo lililojaa, lihamishie kona, milango wazi unaposikiliza. Godoro la zamani likikunjwa na kusimamishwa kona linasaidia pia. Bibi yangu Tanga alikuwa na magodoro ya sufi, mazito, na mpaka leo natamani ningepata mawili.

#18 Mzee_wa_Santuri

Dirisha nalo msilisahau. Lifungue lote na mlango nao, usikilize tofauti. Besi ikipata pa kutokea inatoka. Ubaya ni kwamba inakwenda kwa jirani.

#19 Mpangaji_Tabata

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa jirani ndipo nina swali. Mama wa chumba cha pili ana mtoto mchanga, na ameniambia kwa upole kabisa kwamba ukuta wake unavuma usiku. Haya yote tuliyofanya yatamsaidia?

#20 Fundi_Mawimbi

Kidogo, kwa sababu sabufa imetoka kwenye kona na sasa haitikisi chumba kama zamani. Lakini tusidanganyane: kutuliza mvumo ndani na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti. Kabati na godoro havizuii besi kupita kwenye tofali. Hata sponji chini ya sabufa inazuia sakafu na meza kutetemeka, ila hewa inaendelea kusukuma ukuta. Kwa yule mama ni kupunguza sauti au kuzima sabufa saa za mtoto kulala, na spika ndogo ubaki nazo. Muulize saa ngapi.

#21 Mpangaji_Tabata

Nimemuuliza. Saa mbili usiku sabufa nazima, na Jumapili mchana yeye huenda kwa dada yake Segerea, hapo nina uhuru wote.

Jumapili hii nimemaliza kazi. Krosova 80, swichi imekaa 180, soksi zimeingia kwenye matundu, kabati la nguo liko kona ya nyuma. Nimepitisha toni za simu nikaandika kwenye daftari: 56, 58 na 60 bado zilikuwa juu kidogo, 44 iko chini na nimeiacha kama ilivyo. Nikaweka kichujio kimoja, 58, desibeli 4. Kioo cha kabati kilikuwa bado kinatetemeka kwenye 72. Nimebandika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye ukingo wake, kimenyamaza.

Kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaweka ile rhumba. Noti sita. Nimezihesabu kwa vidole, ya tatu inaanza na kuisha, ya nne inaingia nyuma yake, na nimesikia hata kidole cha mpigaji kinavyoteleza kwenye waya kabla ya ya sita. Wimbo huu ninao tangu nikiwa sekondari, na mtelezo wa kidole sikuwahi kuusikia.

Mzee wa Santuri, kama uko Dar siku moja karibu Tabata na santuri zako. Kiti cha mita 1.14 nitakupisha.